Damu Inayoganda Upesi

Alhamisi, 6 Machi

Sijafa. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kuna watu wameshaanza kunitaja kama marehemu, na mmoja wao amekuja leo kumuuliza binti yangu kama visu vyangu vinauzwa.

Daftari hili nimepewa na huyo binti. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Ameniambia, "Mama, kila kinachokuudhi kiandike humu. Mimi nina watoto sitini darasani na masikio mawili tu." Nikamwambia daftari moja halitatosha. Akacheka, akaniongezea la pili.

Yaliyotokea ni haya. Wiki iliyopita, siku mvua za msimu zilipoanza, nilikuwa buchani kwetu nakata paja la ng'ombe juu ya gogo. Taya likaanza kuniuma. Kisha mgongo, katikati ya mabega. Jasho la baridi likanitoka, na kifua kikabanwa kama nimelaliwa na ndama. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chuma, akanitazama na kusema, "Gesi hiyo, Dada. Kunywa soda." Nikanywa soda. Nilianguka chupa ikiwa bado mkononi. Mama mmoja aliyekuja kununua maini ndiye aliyepiga kelele nikimbizwe hospitali, la sivyo Chuma angenifungulia soda ya pili.

Hospitali wakasema mshipa unaolisha moyo umeziba. Wakapitisha waya kwenye mkono wangu hadi kifuani, wakauzibua, na humo ndani wakaacha kibomba cha nyavu, chembamba kuliko mrija wa soda yenyewe. Nimerudi nyumbani na mfuko wa dawa na maneno mengi ya kukatazwa.

Baba yetu alishika kifua akiwa na miaka hamsini na moja, akafa siku hiyo hiyo. Kaka yetu mkubwa alishika kifua akiwa na arobaini na tisa, akafia njiani. Mimi nina hamsini na tatu. Nimeshawapita wote wawili na sina mpango wa kuwafuata.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Uji usio na chumvi. Kwa kweli sijui waliofungwa jela wanalalamikia nini.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki. Daktari wa moyo ni mwanamke mfupi, umri wake ni kama wa binti yangu, na miwani yake iko kichwani muda wote huku akiitafuta mezani. Nilimuuliza bila kuzunguka: kwa nini mimi? Sivuti sigara, silewi, nashinda nimesimama.

"Presha yako iko juu, na nadhani imekuwa juu miaka mingi," akasema. "Lehemu pia, yale mafuta ya kwenye damu. Baba yako na kaka yako wameondoka kwa njia hiyo hiyo. Halafu kuna hiki hapa." Akaweka kidole kwenye majibu ya damu. "Fibrinojeni. Ni protini, kila mtu anayo kwenye damu. Ukijikata inageuka nyuzi, nyuzi zinafuma wavu, damu inaganda, jeraha linaziba. Wewe unayo nyingi kupita kiasi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nakata nyama."

"Umewahi kuona damu mbichi ikikorogwa?"

Mara ngapi! Machinjioni yupo mzee anayekinga damu ya kondoo kwenye ndoo na kuikoroga kwa fimbo bila kupumzika, kwa sababu wapo watu wa maabara wanaoitaka ikiwa majimaji. Fimbo ikitoka inakuwa imezongwa na nyuzi nyeupe zinazonata. Miaka yote nilidhani ni mafuta.

"Ndizo hizo," akasema. "Sasa, ndani ya ukuta wa mshipa wako mafuta yamejijenga. Siku ile yalipata ufa. Damu haijui kama ufa uko kwenye kidole au kwenye moyo. Imeuona, imekuja mbio kuuziba. Chembe ndogo zimetangulia, nyuzi zimefuata, donge limejaa, njia imefungwa. Moyo umekosa chakula."

Nikauliza, basi ni hiyo protini iliyomuua baba yangu? Akasema hapana, hawezi kusema hivyo. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kama wingi wake ndio unaoleta ugonjwa au ni dalili tu kwamba ndani kuna kitu kinaungua. Nilimpenda kwa jibu hilo. Nimeshachoka na watu wanaojua kila kitu.

Lakini la dawa hakulisema kwa kubembeleza. "Hizi mbili zinazuia zile chembe zisishikane. Kibomba bado ni kigeni mwilini mwako. Ukiziacha sasa, damu itakiona kama jeraha na itakiziba. Usiache hata siku moja bila kuniuliza. Na ndugu zako wa tumbo moja waje tuwapime. Umebaki na nani?"

"Na Chuma."

"Na nini?"

"Mdogo wangu, Daktari."

Jumatano, 12 Machi

Mvua haijakatika tangu asubuhi na nimekosa cha kufanya, kwa hiyo nimekaa nafikiria majivuno ya nyumba yetu.

Sisi ni wakata nyama tangu kwa babu. Na nyumbani kwetu mtoto hakuhesabiwa kuwa wa bucha mpaka ajikate. Si kwa makusudi, lakini kisu ni kisu, siku hiyo lazima ifike. Ikifika, Baba anasimamisha kazi. Mtoto anabana kidole kwa dole gumba, wakubwa wote wanatazama. Damu ikisimama upesi, Baba anasema, "Huyu wetu," na mtoto anarudi kwenye gogo. Mdogo wangu alipojikata mara ya kwanza, damu ilisimama kabla hata hajakibana sawasawa. Baba akazunguka buchani akimwonyesha kila mteja. Jina la Chuma lilianzia hapo.

Binamu yetu mmoja alivuja mpaka akafungwa kitambaa. Akahamishiwa kwenye mizani, akakaa huko maisha yake yote huku anachekwa. Yupo hadi leo, ana miaka sabini na kitu na anapanda baiskeli. Sisemi ni kwa sababu ya damu yake. Nasema tu yupo.

Tulijisifu kwa kidole. Hakuna aliyefikiria kuuliza damu hiyo ya haraka inafanya nini mahali ambapo hatuoni.

Jumapili, 16 Machi

Chuma amekuja kunitazama. Nimemwambia habari ya kupimwa. Amesema, "Sawa, Dada," kwa sauti ya mtu anayemkubalia mlevi, akala chakula changu chote na kuondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kazini. Daktari amesema kisu ndiyo, shoka bado.

Nimefika nikakuta bucha si langu tena. Chuma ameshusha ndoano! Ndoano alizozitundika Baba mwenyewe juu kabisa, paja likining'inia linaacha nafasi ya mtu kupita. Sasa ziko usawa wa kifua changu na nyama inagusa makaratasi ya kaunta. Nimemuuliza ni nani aliyempa ruhusa. "Mambo yanabadilika, Dada. Wewe upumzike. Kaa upande wa mizani, pokea wateja."

Upande wa mizani! Nimemaliza mwezi mmoja tu kitandani na mtu ameshagawa urithi. Nimemwambia nitakaa kwenye mizani siku atakayoweza kukata kidari bila kuacha nusu ya nyama kwenye mfupa. Wateja wamecheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Tumeuza utumbo wote. Hatujaongea.

Jumamosi, 29 Machi

Hata gari la nyama likija habebi. Anawapa wapakuaji, anasema bega linamuuma. Bega! Tangu nipate nafuu amekuwa bosi, anaonyesha kwa kidole tu. Mungu anipe subira, maana visu ninavyo tayari.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimejikata.

Nilikuwa natoa mfupa kwenye kidari, kisu kikateleza, kikaingia chini ya dole gumba la kushoto. Jeraha lenyewe si la kuandikia hata mstari. Nimejikata vibaya zaidi ya hapo na kuendelea kupiga soga. Nikabana kama kawaida, nikaendelea kumsikiliza mteja, nikaachia. Damu ikatiririka. Nikabana tena. Nikaachia. Ikatiririka. Ikajaa kwenye gogo, ikateremka kwenye aproni, ikadondoka kwenye kiatu. Mteja mmoja akaacha nyama yake na kutoka bila kuaga.

Sijawahi kuona damu yangu ikinikatalia. Niliogopa. Naandika hivyo hivyo, niliogopa kuliko siku niliyoanguka, kwa sababu siku ile sikuwa na muda wa kuogopa.

Chuma alikuwa amebadilika rangi. "Wameiharibu!" akawa anapiga kelele. "Wamekuharibia damu ya Baba! Dawa gani hiyo inayomfanya mtu avuje kama gunia?" Akafunga duka mchana kweupe.

Zahanati, muuguzi alinikandamiza kwa kitambaa na kuninyanyua mkono juu kama naapa. "Tatizo lako, mama, unafunua kila mara kuchungulia. Kandamiza, uvumilie." Ikasimama. Ilichukua muda, lakini ilisimama.

Nimekaa naviangalia vile vidonge viwili mezani. Nimevimeza. Lakini leo niliviangalia kwanza.

Jumamosi, 5 Aprili

Shangazi amekuja.

Shangazi ni dada yake Baba, wa mwisho kubaki katika kizazi chao, na akiingia nyumbani hata paka anakaa vizuri. Chuma ndiye aliyemwita. Tukakaa kikao sebuleni kwangu: Shangazi, Chuma, wifi yangu mke wa Chuma, na binti yangu, na mvua inapiga bati mpaka ikabidi tupaze sauti kama tunagombana hata kabla hatujaanza kugombana.

"Mwanangu," Shangazi akaanza, "baba yako alikata kidole kikabaki kwenye ngozi. Alikifunga kwa kipande cha gunia, akauza nyama mpaka jioni. Kikashika. Wewe mkwaruzo mdogo unajaza taulo. Hiyo ni dawa au sumu?"

"Kidole cha Baba kilipona vizuri sana, Shangazi," nikamwambia. "Tulimzika nacho."

Binti yangu aliziba mdomo. Wifi akatazama chini. Shangazi akakaza kilemba chake.

Kisha akasema, "Mimi je? Damu ni hiyo hiyo. Mbona nipo?"

"Upo, na tunashukuru. Baba hayupo. Kaka hayupo. Wangapi walioshika kifua nyumbani kwetu wakarudi mezani kula? Nitajie hata mmoja."

"Uko wewe."

"Mimi nimerudi kwa dawa hizi."

Akanyoosha kiganja. "Zilete hapa. Utakula miti shamba mpaka damu yako irudi ilivyokuwa."

Nilisimama, nikazichukua kabatini. Nikaona Chuma anashusha pumzi, anadhani nimekubali. Nikafungua, nikaweka vidonge vyangu vya siku mdomoni mbele yao wote, nikavimeza bila maji. Kimoja kilikwama kooni karibu kiniaibishe, lakini kilipita.

"Ilivyokuwa ndivyo ilivyoniangusha," nikasema. "Irudi ya nini?"

Shangazi ameondoka bila kunywa chai. Chuma alisimama mlangoni kumsubiri, na niliona anajikanda mkono wa kushoto, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayekamua nguo. Nilikuwa na hasira, sikumjali.

Jumatano, 9 Aprili

Nimenunua glavu ya chuma, iliyofumwa kwa pete ndogo ndogo, ile wanayovaa watu wa viwanda vya nyama. Mkono wa kushoto haukatiki tena hata nikitaka. Wateja wananiita Askari. Kisu kinakwaruza, kinalia, kinaniachia. Kama damu haitaki kuharakisha, basi tusiipe kazi. Chuma amesema Baba angeona haya. Nimemwambia Baba angekuwa na miaka themanini na mbili, aje aone haya, nitafurahi kumwona.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Barabara ya machinjioni imejaa maji.

Jumatatu, 14 Aprili

Wifi amekuja kununua nyama kwangu. Mke wa mwenye bucha, anapanga foleni! Nikajua ana jambo. Nikamvuta nyuma, kwenye jokofu.

"Wifi, usimwambie nimesema. Analala amekaa. Ameweka mito mitatu. Akipanda ngazi za kwetu anasimama katikati anajifanya anafunga kamba za viatu."

"Chuma havai viatu vya kamba."

"Ndiyo maana nimekuja."

Nilirudi kwenye gogo langu nikatazama juu, na ndipo nikazielewa ndoano. Hakuzishusha ili kunitawala. Amezishusha kwa sababu hawezi tena kunyanyua paja hadi juu. Kinachouma si bega. Hatoi amri kwa kidole kwa ubosi, anatoa kwa kidole kwa sababu kidole ndicho kilichobaki na nguvu. Na mimi, niliyeanguka kwa ugonjwa huo huo, nimesimama pembeni yake wiki tatu nzima nikiona mwizi wa urithi.

Nimemkasirikia sana kwa kuficha. Na nimelia, ndani ya jokofu, mbele ya nusu ng'ombe.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemwambia kwa upole. Mimi, kwa upole! Nimetengeneza chai, nimemkalisha, nimesema, "Mdogo wangu, twende wote kliniki. Nikifika mimi, na wewe unapimwa, tunarudi." Akasema, "Mgonjwa wewe." Nikamwambia nimeona anavyojikanda mkono. Akasema, "Dada, acha kunitafutia ugonjwa ili uwe na mwenzako." Akamwaga chai yake nje kwenye matope. Yangu nikainywa, sikosi chai kwa ajili ya mtu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia tena. Amejibu vile vile.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia tena. Hakujibu kabisa. Nadhani tunasonga mbele.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nitaandika yote.

Asubuhi gari la nyama lilikuja peke yake. Wapakuaji walikwama ng'ambo ya maji. Dereva akaegesha upande wa pili wa barabara, kwa sababu mbele ya duka letu paligeuka bwawa, na mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo. Watu walijaa chini ya kibaraza chetu, wanunuzi na waliokuja kujikinga tu.

Nikamwambia Chuma tusubiri wapakuaji. Akasema wateja hawasubiri. Nikamwambia basi dereva na mimi tutasaidiana. Akacheka, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mgonjwa abebe, mzima atazame?"

Ulimi wangu ukanitoka. "Mzima gani? Umeshusha ndoano za Baba kwa sababu huwezi kunyanyua!"

Kibaraza kizima kiligeuka kumtazama. Uso wake sitausahau. Si hasira. Ni uso wa mtu aliyevuliwa shati sokoni.

Akavuka barabara. Dereva alimwekea paja zima la nyuma begani, na nikamwona magoti yanajipinda kisha yananyooka. Akaanza kurudi kwenye ile mvua. Watu wakapiga makofi, wapuuzi! "Chuma! Chuma!" Nilitoka mbio, nikaingia kwenye maji, nikamwambia, "Weka chini." Akapita pembeni yangu. Nikatembea naye kinyumenyume, namtazama machoni. "Weka chini, wewe! Hakuna anayekudai!"

Katikati ya barabara akasimama. Akapinda magoti taratibu, kwa adabu, na akaiweka nyama kwenye matope.

Mtu asiyekuwa wa kazi yetu hawezi kujua maana yake. Sisi nyama haigusi ardhi. Ikiponyoka, unaweka mguu wako chini yake, bora mguu uvunjike. Kaka alipokuwa anakufa njiani alikuwa amekumbatia mbuzi mzima, akaanguka chali ili mbuzi abaki juu. Na Chuma ameiweka kwenye matope kwa mikono yake, mbele ya wateja, akasema, "Dada, kimenibana tangu jana."

Basi. Sikupiga kelele hata moja. Nilimkalisha kwenye ngazi ya gari, nikapiga simu kliniki. Muuguzi akasema nimpe aspirini moja aitafune, asiimeze nzima, na nimlete sasa hivi. Ni mojawapo ya zile dawa zangu mbili, ninatembea nazo kwenye aproni. Akaitafuna huku anakunja uso. Kuna aliyesema kutoka kibarazani, "Mpeni soda, ni gesi." Nilimwambia huyo bwana neno ambalo binti yangu hatalisoma humu.

Tulimpandisha mbele kwenye gari la nyama, dereva akaendesha kama kaiba. Njiani Chuma alinishika mkono wangu wenye glavu ya chuma, sikuwa hata nimeivua. "Nilijua tangu mwaka jana," akasema. "Nilifikiri nikipimwa ndiyo itakuwa kweli."

"Kweli haisubiri kupimwa," nikamwambia. "Nyamaza, pumua."

Hospitali wamempokea na kumpima. Mishipa miwili imeziba, mmoja kabisa. Hapa hawawezi yote, wanampeleka hospitali kubwa. Wifi amekwenda naye. Mimi nimeambiwa nirudi nyumbani nilale, kwa sababu eti na mimi ni mgonjwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeamka na kukuta viti.

Viti vya plastiki vya kukodi, vyeupe, vimepangwa safu uani kwetu, na turubai limefungwa juu yake kuzuia mvua. Nyumba yetu na ya Chuma zinachangia ua mmoja. Shangazi yuko katikati anaelekeza pa kuweka masufuria. Kwetu likisemwa neno "kifua", watu hawaulizi hospitali gani, wanauliza mazishi lini.

"Shangazi, viti hivi vya nini?"

"Mwanangu, tujiandae tu. Umeshaona mara mbili."

"Rudisheni! Hakuna maiti hapa!"

"Watu wameshaanza kuja. Nitawaambia nini?"

"Waambie yuko hai! Waambie moyo wake umeziba na unazibuliwa, waambie ni ugonjwa wa nyumba yetu, una jina, una dawa! Tumewadanganya watu miaka yote kwamba Baba alichoka na Kaka alirogwa. Leo semeni kweli."

Akanishika mkono, kwa upole ambao sikuutegemea. "Nimezika kaka yangu na mtoto wa kaka yangu," akasema. "Sitaki tena kukutwa sijajiandaa." Miaka yote nilidhani Shangazi ana kiburi cha damu. Ana woga, basi, kama sisi sote, na ameuvalisha kilemba.

Lakini viti sikuvikubali. Alivipanga, nikavipangua, nikafungua turubai. Akalirudisha. Nikaacha.

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuna simu. Mvua. Watu kumi na zaidi wamekaa uani wanasubiri mtu afe. Nimekwenda kufungua bucha. Mteja wa kwanza akauliza kwa sauti ya chini, "Chuma yuko wapi?" Nikamjibu kwa sauti ya mnada, "Hospitali, moyo! Na wewe presha yako umepima lini?" Amenunua nusu kilo na kukimbia. Wa pili, mzee mmoja, alibaki. Akasema huwa anabanwa akipanda kilima. Nimemwandikia jina la kliniki kwenye karatasi ya kufungia nyama.

Jumapili, 27 Aprili

Wifi amepiga. Wamemwekea vibomba viwili. Alipoteza fahamu kidogo wakati wa kazi na moyo ukayumba, wakamrudisha. Daktari amesema saa hizi ndizo za kutazamwa.

Nimemwambia Shangazi. Akasema, "Alipoteza fahamu?" na kutazama viti vyake.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekula kwa sababu dawa haziingii kwenye tumbo tupu. Sijui nimekula nini.

Jumanne, 29 Aprili

Anaongea. Amelalamikia chakula. Nimecheka mpaka binti yangu akaja mbio kuona kama naumwa.

Nimewaambia wote uani. Wengine wameshukuru. Wengine, naapa, walionekana kama watu walioahirishiwa safari. Hakuna aliyeinuka. Shangazi amesema tusiseme mapema, mtu hujulikana amepona akiwa mlangoni.

Jumatano, 30 Aprili

Leo mvua ilipumzika mchana. Uani walikuwa wamejaa, kila kiti kina mtu, Shangazi mbele kabisa. Kuna mama aliyekuwa ameanza kulia kidogo kidogo, kwa mazoea tu nadhani.

Gari lilisimama nje. Sikuwaambia kwamba anakuja, kwa makusudi. Wifi alitangulia na mfuko wa dawa. Nyuma yake akaingia Chuma, amekonda, ndevu hazijanyolewa, anatembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa, mkono mmoja kwenye bega la mkewe.

Watu walisimama wote kwa pamoja. Yule mama alisahau kilio katikati.

Chuma akawatazama, akatazama turubai, masufuria, zile safu. "Mbona mmejaa hivi?" akauliza. "Nani amekufa?"

Shangazi alimtazama miguuni, kisha usoni. Nyumbani kwetu hajawahi kuingia mwanaume kwa miguu yake baada ya kushika kifua, na hakuna aliyejua mtu wa namna hiyo anasalimiwa vipi.

Chuma hakuwasubiri. Alikwenda mpaka mbele, akakalia kiti kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya mfiwa mkuu, akanyoosha miguu, na kuomba maji ya kunywa. Nikamletea mwenyewe. Akayanywa yote, akaniomba mengine.